Upande wa Kulia wa Nyumba ya Milka

Kufikia Jumatano ya wiki ya tatu, Zablon Ogwang alikuwa amelitamka neno "gereji" mara nyingi kuliko alivyolitamka katika miaka arobaini aliyofanya kazi ndani ya gereji. Alimwambia naibu wa chifu. Alimwambia muuza maziwa. Alimwambia mzee wa kanisa, aliyefika na Biblia kubwa kwapani na uso wa matangani. Wote walimsikiliza kwa adabu, wakazitazama kuta za matofali zilizokuwa zimefika kiunoni, halafu wakamuuliza swali lile lile, kila mtu kwa namna yake: huyo mama anatoka wapi?

"Hakuna mama," Zablon alisema. "Ni ya gari."

"Sawa, sawa," wakajibu, na wengine wakamkonyeza.

Tuseme ukweli, mtu wa kumlaumu alikuwa yeye mwenyewe. Zablon alikuwa fundi mkuu wa malori katika kampuni moja ya sukari, mbali na kwao, kazi aliyoianza kabla hajaota ndevu. Mwaka wa tisini na tano alistaafu, akarudi kwake nje kidogo ya Suna, mjini Migori, na masanduku mawili ya spana, jiriwa moja ambayo wanaume wawili waliibeba kwa kuguna, na Peugeot 404 ya mwaka wa sitini na saba iliyovutwa na trekta kutoka barabara kuu huku watoto wa shule wakiifuata kwa nderemo. Injini yake ilikuja ikiwa ndani ya magunia, kwenye kiti cha nyuma.

Hakutaka kuifanya teksi. Hakutaka kubebea samaki wa Sori wala kusafirisha wachimba dhahabu wa Macalder, ingawa watu walimpa mashauri hayo bila kuombwa. Alitaka kuitengeneza polepole kwa mikono yake, kifaa kimoja baada ya kingine, mpaka iunguruke, kisha aiendeshe.

"Kwenda wapi?" watu waliuliza.

"Popote."

"Kubeba nini?"

"Kunibeba mimi."

Jibu hilo liliwasumbua sana. Gari ni kitu cha kazi, na mtu mwenye akili zake hafugi ng'ombe asiyekamuliwa wala kulima. Kwa hiyo walipomwona anajenga, tena kwa matofali ya kuchoma na mabati mapya, walitafuta maana nyingine, na maana hiyo ilikuwa wazi mbele ya macho yao, upande wa kulia wa nyumba ya Milka.

Hapo ndipo penye kiini cha taabu yote. Katika boma la Mjaluo nyumba ya mke wa kwanza hutazama lango. Mke wa pili akija, yake hujengwa upande wa kulia wa nyumba hiyo kubwa, na wa tatu upande wa kushoto. Hilo halifundishwi shuleni kwa sababu hakuna asiyelijua. Zablon alilijua pia. Ila alijua vilevile kwamba upande wa kushoto maji ya mvua hutuama, nyuma kuna mihogo ya Milka, na upande wa kulia ardhi ni tambarare na gari linaweza kuingia moja kwa moja kutoka langoni bila kukata kona. Yeye alikuwa Msabato aliyeacha mambo ya mila, tena fundi. Aliona ardhi, akaona mteremko, basi.

Siku alipopigilia vigingi vya kwanza, Milka alitoka na ungo wa dagaa, akasimama.

"Hapo?" aliuliza.

"Hapa. Ndipo palipo sawa."

Milka alivitazama vigingi, akamtazama na mume wake. Alingoja kidogo, kana kwamba kulikuwa na jambo lingine ambalo Zablon angelitaja. Zablon alikuwa amepiga magoti, jicho moja amelifumba, akiangalia kama uzi umenyooka. Milka akaondoka na ungo wake, na tangu siku hiyo hakuuliza tena kitu chochote kuhusu ujenzi huo.

Mpango wenyewe, lazima tumpe haki yake, ulikuwa mzuri ajabu. Aliuchora katika daftari la miraba kwa kalamu ya risasi iliyochongwa vizuri. Urefu wa gari ni futi kumi na nne na nusu, basi chumba kiwe futi ishirini na mbili, mtu aweze kulizunguka hata boneti ikiwa wazi. Upana wake futi tano na inchi nne, basi chumba kiwe futi kumi na sita, milango yote minne ifunguke bila kukwaruza ukuta na bado meza ya kazi ipate nafasi. Katikati ya sakafu kuwe na shimo la kusimama chini ya gari, na mbao nzito za kulifunika kazi ikiisha. Meza imfikie kiunoni, mgongo usije ukamlalamikia. Dirisha litazame mashariki, kwa sababu kabureta inataka mwanga wa asubuhi. Juu ipite boriti ya mkaratusi ya kuning'iniza cheni ya kuinulia injini. Ukutani uwepo ubao wa spana, kila moja imechorewa umbo lake kwa rangi nyekundu, ili ikikosekana ijulikane. Hata jua alilifikiria. Rangi ya gari la zamani haipendi jua la alasiri, kwa hiyo ukuta wa magharibi usiwe na tundu hata moja.

Fundi wa ujenzi alikuwa Okemwa, Mkisii mpole mwenye mikono mikubwa, aliyesoma daftari lile kwa heshima zote kisha akauliza, "Na bedroom tutaweka upande gani, mzee?"

"Okemwa, hii ni gereji."

"Naelewa. Lakini mama naye atalala wapi?"

"Mama gani?"

Okemwa alikohoa, akachukua mwiko wake. "Mimi najenga tu, mzee. Mambo ya boma ya watu siingilii."

Mjini haikuwa afadhali. Suleman, mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi, alimpokea kwa mikono miwili. Babake Suleman ndiye aliyefungua duka lile, na yeye mwenyewe alizaliwa nyuma yake, kwa hiyo kila jambo la Suna alilijua kabla halijapoa. Zablon aliagiza bawaba nzito za mlango wa futi kumi.

"Futi kumi!" Suleman alishangaa. "Bwana harusi, huyo bibi ana umbo gani?"

"Suleman, na wewe pia?"

"Mimi nakupa hongera tu, ndugu yangu. Kwetu hilo si jambo la kuficha. Ukimweka mtu, mweke kwa uwazi."

"Gari! Mlango wa gari!"

"Basi gari," Suleman alisema, akimpimia misumari. "Msalimie gari."

Zablon alirudi nyumbani akisonya njia nzima. Jambo lililomkera kuliko yote ni kwamba hakuna aliyemtukana, hakuna hata aliyempinga. Walimpongeza. Wanaume wa rika lake, ambao kwa miaka mingi walimwona kama mtu wa mbali aliyezoea nyumba za kampuni, sasa walimpigia saluti njiani. Orpah, mke wa ndugu yake, alimletea Milka nusu debe ya mtama na kumkumbatia kwa muda mrefu kama mtu aliyefiwa.

"Vumilia, dada," Zablon alimsikia akisema. "Wote wako hivyo."

Alitoka mbio na spana mkononi. "Orpah! Nimekwambia mara ngapi?"

"Sijasema kitu, shemeji," Orpah alijibu, akashika njia yake.

Milka aliubeba mtama akaingia ndani. Zablon alimfuata mpaka mlangoni. "Si wewe unajua ni gereji?"

"Najua," Milka alisema.

"Basi waambie!"

"Niwaambie nini, Baba Roseline? Wameona mahali, wameona matofali. Mimi sikujenga."

Mabati yalipopanda ndipo alipokuja Bathsheba. Huyu alikuwa mama wa makamo kutoka Sori, mnene na mchangamfu, ambaye kazi yake, mbali na kuuza samaki aina ya mbuta, ilikuwa kuunganisha watu. Alitembea kutoka barabarani kwa miguu, kikapu kichwani, na hakupitia nyumba kubwa kama mgeni mwenye adabu. Alikwenda moja kwa moja kwenye jengo jipya, akasimama kwenye mlango wa futi kumi, akapiga kigelegele kifupi cha kupimia sauti.

"Hii ni nyumba ya mtu!" alisema. "Hata hotelini sijaona sakafu namna hii."

Zablon alikuwa shimoni, akilainisha ngazi za simenti. Kichwa chake kilitokeza. "Mama, unatafuta nani?"

"Natafuta wewe. Nimetumwa na familia fulani. Kuna mjane, Phanice, kijana bado, mcha Mungu, mkono wake kwa jembe hauna mfano. Amesikia habari zako, hajakataa."

"Habari gani?"

Bathsheba alicheka, akakaribia. Kisha akaliona shimo lenyewe. Aliinama, akalitazama kutoka mwanzo hadi mwisho, refu na jembamba, limelainishwa vizuri kwa simenti, na mwenye boma amesimama ndani yake mpaka kifuani. Uso ukambadilika.

"Hii nayo ni ya nini?"

"Ya kuingia chini."

"Nani anaingia chini?"

"Mimi naingia chini, gari inakuja juu yangu."

"Yesu wangu," Bathsheba alisema, akarudi nyuma hatua mbili. "Ndani ya nyumba? Mtu hai?"

Alimwekea samaki mlangoni, kwa kuwa samaki aliyekwisha kutumwa harudishwi, akaondoka haraka bila kuaga. Zablon alipanda kutoka shimoni ameloa simenti mpaka magotini, akamfuata hadi langoni akipiga kelele kwamba ni gari, gari tu, gari la Peugeot. Alipogeuka alimwona Milka amesimama kizingitini mwa nyumba yake, mikono amekunja. Alikuwa amesikia kila neno. Hakucheka, na Zablon alifadhaika, kwa sababu kwa kawaida Milka angecheka mpaka akae chini.

Mngefikiri mtu ambaye tayari amechomeka hivyo angekuwa mwangalifu. Wapi! Milango ilipofungwa bawaba Alhamisi, kufuli hazikuwa zimefika dukani kwa Suleman, na spana zilikuwa zimeshatundikwa ubaoni, kila moja kwenye umbo lake jekundu. Zablon hakutaka kuziacha. Alichukua blanketi na mkeka, akalala humo humo ubavuni mwa Peugeot, akazilinda mpaka asubuhi. Mtu mwenye miaka hamsini na saba, aliyezaliwa na kukulia katika boma lenye nyumba nne, alilala peke yake katika jengo jipya upande wa kulia wa nyumba ya mkewe na hakuona tatizo. Alfajiri alifungua mlango mpana ule, akatoka na blanketi begani, akajinyoosha.

Orpah alikuwa anapita na mtungi wa maji. Aliutua chini.

Kabla ya chai ya saa nne Suna nzima ilikuwa na habari. Zablon alipoingia nyumbani kula uji, alikuta Milka amevaa gauni la safari na mfuko umefungwa.

"Ulilala humo," Milka alisema.

"Nililinda spana. Kufuli hazijafika, mama."

"Ulilala humo, Baba Roseline."

"Sasa nilale wapi na spana ziko wazi?"

Milka aliuchukua mfuko wake. Hasira ilikuwepo machoni pake, lakini kilichokuwepo zaidi ni uchovu, na Zablon hakujua la kufanya na uchovu huo. "Naenda kwa Byron," alisema. Byron alikuwa mdogo wake, mwalimu wa hesabu, aliyekaa Homa Bay. "Uji uko mezani."

Akatoka. Zablon alibaki ameshika kiti. Katika ndoa yao ya miaka ishirini na minne, Milka alikuwa amekwenda kwao kwa misiba na kwa harusi. Hakuwahi kwenda kwa sababu yake.

Baba mdogo wa Zablon, mzee Nyagudi, aliitwa jioni hiyo hiyo. Alikaa kwenye kigoda nje ya gereji, akasikiliza maelezo yote kuhusu kufuli, kisha akatoa uamuzi.

"Nyumba ambayo mwanamume amelala ni nyumba. Sasa inangoja mwenyewe."

"Mwenyewe ni Peugeot, baba."

"Peugeot itawasha moto? Itapika?"

Zablon alifumba macho. "Kwa hiyo nifanye nini?"

"Uweke mke, au uiondolee uso. Nyumba isiyo na uso si nyumba, ni kibanda. Kibanda hakina deni na mtu."

Siku mbili Zablon aligombana na maneno hayo. Alizunguka gereji yake akiongea peke yake. Alikumbuka jinsi walivyoipima linta, boriti ya juu ya mlango, mara tatu, jinsi milango ilivyofungika bila kulia. Alimlaani mzee Nyagudi kimoyomoyo, akamlaani Orpah na mtungi wake, akamlaani Suleman na kufuli zake. Siku ya tatu alikula ugali wa jana na maziwa yaliyoganda kwa sababu hakuna aliyeyachemsha, akamwita Okemwa.

"Vunja ukuta wa mbele."

"Wote, mzee?"

"Na milango uitoe. Na usiniulize kitu."

Okemwa hakuuliza. Jioni gereji ilikuwa wazi kama banda la soko, kuta tatu na paa, Peugeot ikiangalia lango kwa taa zake mbili. Zablon aliumia, hatutaficha. Lakini ndani ya maumivu hayo alihisi pia amelipa kila alichodaiwa, na alfajiri iliyofuata alivaa koti lake la kanisani akaenda Homa Bay kumchukua mkewe, akiwa na uhakika kwamba watarudi pamoja siku hiyo hiyo.

Byron alimkaribisha vizuri, kupita kiasi, kwa namna ambayo shemeji humkaribisha mtu ambaye bado hajaamua kumsamehe. Nyumba yake ilikuwa mlimani kidogo, ziwa likionekana chini. Milka alileta chai, akaketi.

"Nimevunja," Zablon alisema. "Ukuta wa mbele wote. Mzee amesema sasa ni kibanda. Hakuna tena mtu wa kusema kitu. Jiandae twende."

"Asante," Milka alisema. Hakuinuka.

Zablon alikuwa tayari amesimama. "Sasa bado nini?"

"Wewe ulidhani nimeondoka kwa sababu ya mke wa pili?"

"Si watu wote wanasema..."

"Watu!" Hapo ndipo sauti ya Milka ilipopanda, na Byron akaangalia kikombe chake. "Watu hawakujui. Mimi nakujua. Wewe ukipewa mwanamke leo utamuuliza namba ya chesisi. Phanice! Angekaa siku mbili akimbie mwenyewe. Sikuwahi kuamini hata siku moja kwamba unajenga nyumba ya mke."

"Sasa!"

"Niliamini ni ya gari. Hilo ndilo lililonitoa."

Zablon alihisi amedanganywa mahali fulani lakini hakupaona.

"Nilikuuliza, 'Hapo?'" Milka aliendelea. "Neno moja. Hukuuliza kwa nini nimeuliza. Lakini gari ulilifikiria mpaka jua la alasiri. Nilikusikia ukimwambia Okemwa, ukuta wa magharibi usitobolewe, rangi itaungua. Dirisha la chumba chetu cha kulala linatazama wapi?"

"Magharibi," Zablon alisema polepole.

"Nani alijenga ile nyumba?"

"Ndugu yangu. Mimi nilikuwa kazini, nilituma pesa."

"Ulituma pesa na barua ya mistari miwili. Jenga nyumba ya vyumba vitatu, na jiko. Nimeiona hiyo barua. Gari ulilipa daftari zima." Alivuta pumzi. "Urefu wa gari lako ni ngapi?"

"Futi kumi na nne na nusu."

"Upana?"

"Futi tano, inchi nne."

"Kutoka tairi ya mbele mpaka ya nyuma?"

"Futi nane, inchi nane na kitu." Majibu yalimtoka bila kufikiri, na kila jibu alijiona anazidi kuzama.

"Mlango wa jiko langu una urefu gani?"

Byron alikohoa, akatoka nje kwenda kuangalia kuku ambao hakuwa nao.

"Mlango una shida gani?" Zablon aliuliza mwishowe.

"Nenda kaangalie," Milka alisema, akakusanya vikombe.

Kwa hiyo alirudi Migori peke yake, koti la kanisani limejaa vumbi, hasira zikimpanda na kushuka. Mlango wa jiko! Mwanamke amemvunjisha ukuta mzima wa matofali ya kuchoma, kumbe shida ni mlango wa jiko. Si angesema? Si ana mdomo? Mlango ukilegea mtu anasema, msumari unapigwa, mambo yanaisha. Alifika bomani, hakusalimia mtu, akachukua futi kamba akaenda nyuma ya nyumba.

Jiko lilikuwa la udongo, nyasi juu, jeusi kwa moshi wa miaka. Tangu ahamie nyumbani Zablon hakuwa ameingia humo hata mara moja, kama ambavyo wanaume wengi wa rika lake hawaingii. Aliingia. Hakugusa kitu. Akatoka tena, akaingia tena. Mlango ulikuwa mzuri kabisa, mtu anapita vizuri bila kuinama. Alipima: futi tano na inchi tano. Yeye mwenyewe alikuwa na futi tano na inchi tatu. Alitaka kucheka. Aliinua macho ili aandike vizuri, na ndipo alipoliona gogo la juu ya mlango.

Gogo lote lilikuwa chafu kwa masizi, limekwaruzika, na magome yake yangalipo. Lakini katikati, mahali pa upana wa kiganja, palikuwa pamelainika na kung'aa. Zablon alipapapasa kwa kidole. Maisha yake yote alikuwa amefungua mashine na kusoma alama kama hizo. Alijua chuma kilichosuguliwa na mchanga, na kile kilicholiwa na kukosa grisi. Alijua sana alama ya kitu kinachogusana na kingine kila siku, kidogo kidogo, bila mtu kusimamisha mashine aangalie. Hapo pamesuguliwa na kitambaa. Kitambaa kilikuwa kimefunga kichwa. Asubuhi, mchana na jioni, mtu akiwa na sufuria ya moto mikononi, hawezi kuinama zaidi ya hapo.

Alikaa chini kwenye kigoda cha mkewe, penye baridi ya majivu. Aliona aibu, aibu ya mwili mzima.

Kazi aliyoijua ni moja tu, basi akatoa daftari. Aligeuza kurasa za gereji, akafika kwenye ukurasa mweupe, akaandika juu: Jiko. Aliandika urefu wa mlango. Ili kujua mlango mpya uwe na kimo gani, alihitaji namba ya pili, ya mtu atakayeupita. Kalamu ikasimama. Alijaribu kumkadiria, akimkumbuka amesimama karibu na lango, karibu na kitanda, karibu na Peugeot. Alijua ni mrefu, alijua kwamba yeye humtazama kwa kuinua kichwa. Zaidi ya hapo hakuwa na kitu.

Homa Bay walishangaa kumwona tena kesho yake kabla ya saa sita. Safari hii alivaa shati la kazi. Byron alikuwapo, mkewe alikuwapo, na mama mzaa chema wa Zablon, mkwewe ambaye kwa heshima hakupaswa hata kumtazama usoni, alikuwa ameketi uani akipepeta mtama. Zablon aliwaamkia wote, akamgeukia Milka.

"Mlango una futi tano na inchi tano," alisema. "Nimeona gogo."

Milka aligusa kitambaa chake cha kichwa.

"Nataka kujenga jiko. Nimeanza kuchora. Nimekwama." Zablon aliona afadhali aseme mara moja. "Sijui urefu wako."

Mama mkwe aliacha kupepeta. Byron aliangalia pembeni, naye mkewe akaziba mdomo kwa kiganja.

"Miaka ishirini na minne," Milka alisema.

"Siujui. Nimejaribu kukumbuka, sikuujua hata mara moja."

Milka alimtazama, na kwa muda haikujulikana kama atalia au atamfukuza. Kisha alivua patipati zake miguuni, akafungua kitambaa cha kichwa akakiweka begani. Kwenye mwanzo wa nywele zake palikuwa na kovu jembamba, la zamani, ambalo Zablon hakuwahi kuliona. Akarudi nyuma mpaka visigino vikagusa ukuta wa nyumba ya mdogo wake, akasimama wima kabisa.

Zablon alitoa futi kamba, lakini macho yake hayakufika utosini kwake. Ilibidi Byron alete kiti. Alipanda juu yake mbele ya wakwe zake wote, akaweka kiganja chake taratibu juu ya kichwa cha mkewe, akasoma.

"Futi tano, inchi nane na nusu."

"Andika," Milka alisema, bila kusogea.